Mama wa Kitambaa

Katika mji wa Rouen, kaskazini mwa Ufaransa, kuna nyumba alimozaliwa mwandishi Gustave Flaubert. Baba yake alikuwa daktari mpasuaji wa hospitali ya mji, na siku hizi nyumba hiyo ni makumbusho ya historia ya tiba. Humo ndani amehifadhiwa mama asiye na kichwa. Hana kifua wala mikono. Ni kiuno, tumbo na mapaja mawili yaliyokatwa juu ya magoti, kazi ya kitambaa na ngozi iliyotiwa rangi ya waridi na kujazwa pamba. Alipopigwa eksirei, ndani yake ilionekana mifupa ya kweli: fupanyonga la mwanamke kijana, likiwa limeshonewa humo ili mkono wa mwanafunzi ukutane na uwazi uleule utakaoukuta kwa mzazi aliye hai.

Ana mtoto wake. Naye ni wa kitambaa, ukubwa wa mtoto aliyetimiza miezi. Pua imefinyangwa kwa uzi, nywele zimechorwa kwa wino, mdomo uko wazi na ulimi umo. Anayepita haraka atadhani fundi alitaka kumpendezesha tu. Sivyo. Mdomo ule hupokea kidole hadi inchi mbili hivi, na kina hicho kina kazi. Mtoto akitanguliza matako, kiwiliwili hutoka kwanza na kichwa hubaki nyuma; hapo ndipo mkunga asiyejua huvuta, na akivuta vibaya huvunja. Anayejua humlaza mtoto juu ya mkono wake, hutia kidole mdomoni, huinamisha kidevu kifuani ili kichwa kipite kwa upana wake mdogo, ndipo humtoa. Siku hizi vidole huwekwa kwenye mifupa ya mashavu, kwa kuhofia kuumiza taya, lakini nia ni ileile. Jambo hili mtu anaweza kusomewa mara mia na lisimkae. Kidole kikishaingia mara moja kikahisi kichwa kinainama, limekaa.

Fundi aliyelishona jambo hilo ndani ya kitambaa alikuwa mkunga, Angélique Marguerite Le Boursier du Coudray, na Wafaransa wa karne ya 18 walimwita Madame du Coudray.

Alifuzu ukunga Paris mwaka 1740, baada ya miaka mitatu ya kukaa chini ya mkunga mzoefu na kufanya mtihani mbele ya madaktari wapasuaji. Hilo la mtihani mbele ya wapasuaji lina uzito wake. Chama chao, cha wanaume watupu, ndicho kilichokuwa na mamlaka ya kumpokea mkunga kazini, ingawa wengi wao walikuwa wameona wanawake wakijifungua mara chache kuliko yule waliyekuwa wakimtahini. Miaka michache baadaye wakaanza kuwabania wanafunzi wa ukunga masomo ya anatomia, na huku walikuwa wakijitangaza wao wenyewe kuwa wazalishaji wa kisasa. Wakunga wa Paris walilalamika kwa maandishi, na du Coudray alikuwa miongoni mwao. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mnatunyima elimu, kisha mtasema hatuna elimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1750 aliiacha Paris akaenda Auvergne, nyanda za milima katikati ya nchi, na huko akakutana na tatizo ambalo mji mkuu haukumwonyesha. Wanawake waliokuwa wakiwazalisha wenzao vijijini hawakujua kusoma. Kitabu kisingewafaa. Kuwaweka kando ya mzazi wajifunze kwa kutazama nako kulikuwa na shida, kwa sababu uzazi mwingi huenda salama hata mkunga akikaa kimya, na ule mgumu, wenye mkono uliotangulia au kitovu kilichochomoza, huja ghafla, usiku, na hauna nafasi ya somo. Mwanafunzi angeweza kumaliza mwaka bila kuuona hata mmoja. Akiuona, anayelipa karo ya somo hilo ni mama na mtoto.

Basi akashona. Kamba na mikanda ndani ya mashine yake (aliita hivyo hasa, mashine) ziliweza kukazwa na kulegezwa ili njia ipanuke au ibane. Palikuwa na mapacha, palikuwa na kijusi cha miezi saba, palikuwa na kondo la nyuma na kitovu chake. Zile za bei kubwa zilitiwa sifongo zilizotoa maji safi na maji mekundu kwa wakati wake, ili chupa ipasuke na damu itoke. Mnamo Desemba 1758 Chuo cha Upasuaji cha Paris, walewale wapasuaji, kilikagua mashine na kuikubali. Mwaka 1759 akatoa kitabu chake cha ukunga, na mwaka huohuo Mfalme Louis XV akampa hati ya kufundisha ukunga popote katika ufalme, bila mtu kumghasi.

Mfalme hakuwa amepatwa na huruma ya ghafla kwa wanawake wa vijijini. Ufaransa ilikuwa katikati ya Vita vya Miaka Saba, na wakubwa wa serikali waliamini kwamba watu wa nchi wanapungua. Mtoto aliyekufa mikononi mwa mkunga asiyefunzwa alihesabiwa kama askari na mkulima aliyepotea. Du Coudray aliielewa lugha hiyo na aliitumia vizuri sana katika barua zake kwa watawala wa majimbo. Sioni sababu ya kumlaumu. Hati ya mfalme ilikuwa ndiyo ngao yake, na bila ngao hiyo kila chama cha wapasuaji cha kila mji kingemdai ada, mtihani na unyenyekevu.

Kuanzia 1760 hadi 1783 alizunguka na mashine zake mji hadi mji, zaidi ya miji arobaini. Mapadri wa parokia waliteua wanawake wa kupelekwa. Darasa liliweza kufika wanawake mia moja, kwa muda wa miezi miwili hivi, siku sita za wiki, asubuhi na mchana. Kila mmoja alipaswa kujaribu mwenyewe, tena na tena, huku mwalimu akimgeuza mtoto wa kitambaa kila namna mbaya anayoweza kukaa tumboni. Waliofuzu walipewa cheti. Mwanahistoria wa Marekani Nina Gelbart, aliyefuatilia maisha yake kupitia mamia ya barua, anaonyesha kwamba maelfu ya wanawake walipita mikononi mwake. Ukijumlisha na waliofundishwa na wale aliowafundisha, wanafika kama elfu kumi.

Lakini kuna kipengele kimoja cha utaratibu wake ambacho wasimuliaji wengi hukipita haraka. Du Coudray hakuondoka na mashine. Kila mji ulitakiwa kununua yake, kwa livre 300, na kuiacha chini ya mpasuaji wa hapohapo ambaye naye alikuwa amemfundisha kuitumia, ili wakunga waweze kurudi kufanya mazoezi. Baadhi ya miji ililalamikia bei. Mingine ilinunua kisha ikaifungia stoo. Alijua wazi kwamba miezi miwili na karatasi moja haviutunzi mkono, na kwamba mwanamke anayezalisha mara chache kwa mwaka katika kijiji kilicho mbali atakuwa amesahau jinsi ya kumgeuza mtoto siku atakapohitaji kumgeuza. Cheti alikitoa. Hakukiamini peke yake.

Hakuwa wa kwanza kutengeneza mama wa bandia. London, Mskoti William Smellie alikuwa amefundisha wanaume zaidi ya mia tisa katika miaka kumi ya darasa lake, kwa mashine za mifupa halisi iliyovikwa ngozi. Mkunga mmoja wa mji huo, Elizabeth Nihell, aliyesomea Paris, aliiona mashine hiyo kuwa kichekesho na mwaka 1760 akaiandika hivyo: sanamu ya mti, tumbo la ngozi, ndani yake kibofu kilichojaa kimiminika, pengine bia hafifu, kikiwa na kizibo chenye uzi wa kuvutia, na katikati kimwanasesere cha nta kikielea. Alichokuwa akikisema Nihell ni kwamba sanamu haina uchungu. Mwanamume aliyezoea kuchokonoa bia na nta, mwenye koleo za chuma mfukoni, ataingia chumbani kwa mzazi akiwa na imani ambayo hakuipata kwa mzazi yeyote. Kwake, huko kulikuwa ni kujifunza kuogelea juu ya mkeka.

Nadhani Nihell alikuwa sahihi nusu. Mashine haikumfundisha mtu kumsikiliza mama. Lakini du Coudray alikuwa mwanamke kama yeye, mkunga kama yeye, na alitumia kifaa kilekile kuwapa wanawake wasiosoma ujuzi ambao wanaume walitaka kuufungia chuoni. Kosa la Smellie, kama lilikuwapo, halikuwa kwenye ngozi na mifupa.

Bologna nako, daktari Giovanni Antonio Galli alikuwa na njia yake ya kutahini ambayo ingewatoa jasho watahiniwa wengi wa leo. Alikuwa na mfuko wa uzazi wa kioo uliopachikwa ndani ya nyonga ya bandia. Mwanafunzi alifungwa kitambaa machoni akaambiwa atoe mtoto kwa mikono tu, na mwalimu, kupitia kioo, alikuwa akiona kila kidole kinapopita. Papa Benedict XIV alinunua mkusanyiko wake mzima mwaka 1757 kwa ajili ya taasisi ya sayansi ya mji huo, na vitu hivyo bado vinaonyeshwa Bologna, katika jumba la Palazzo Poggi. Mtihani ule haukuwa na nafasi ya kukariri.

Sisi wa huku tunajua vizuri kupenda karatasi. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilitangaza matokeo ya uhakiki wa vyeti, na watumishi wa umma 9,932 wakaondolewa kazini kwa vyeti vya kughushi. Kazi ile ilihitajika. Ila uhakiki wa namna hiyo hulinganisha jina, namba na muhuri. Hauwezi kumkamata aliyepata cheti halali kabisa, akafaulu siku ya mtihani, na miaka sita baadaye akasimama mbele ya mtoto asiyelia asijue mkono uanzie wapi.

Jambo hilo lilipimwa, na lilipimwa Tanzania, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoa wa Manyara.

Mwaka 2010 ulizinduliwa mpango wa kimataifa wa Kusaidia Watoto Kupumua, ulioandaliwa chini ya chama cha madaktari wa watoto cha Marekani. Msingi wake ni Dakika ya Dhahabu: ndani ya sekunde sitini tangu kuzaliwa, mtoto awe anapumua mwenyewe au awe anapumulishwa kwa ambu, yaani kifuko cha kupumulishia. Haraka hiyo si ya kutia chumvi. Takwimu za Haydom zilionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpumulisha mtoto asiyepumua ziliongeza hatari ya kifo au ya kulazwa muda mrefu kwa asilimia 16.

Kifaa cha kufundishia kilitoka Stavanger, Norway, kwa kampuni ya Laerdal, ambayo mwanzilishi wake Åsmund Laerdal alikuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto kabla hajatoa, mwaka 1960, mwanasesere Anne wa kufundishia kuokoa aliyezimia. Mtoto wao wa mafunzo anaitwa NeoNatalie. Husafirishwa akiwa bapa, ukifika unamjaza maji ya uvuguvugu, lita mbili hivi, naye anapata uzito na ulegevu wa mtoto mchanga: kichwa kinaanguka nyuma usipokishika. Vipo vipira vya kubonyeza kwa siri. Kimoja hufanya kitovu kipige, kingine humfanya alie, kingine huinua kifua. Mkufunzi akiacha kubonyeza, chumba kizima kinatulia na mwanafunzi anabaki na kitu kizito, kilicholegea, kisicholia.

Mama yake, MamaNatalie, ndiye aliyemjibu Elizabeth Nihell baada ya miaka mia mbili na hamsini. Hana nyonga ya mtu aliyekufa, kwa kuwa anavaliwa na mtu aliye hai. Mkufunzi hujifunga tumbo hilo kiunoni, hukaa kitandani, hugumia, huuliza maswali, hukataa kusukuma, hushika mkono wa mwanafunzi na kuuminya. Mikono yake iliyofichika ndani humteremsha mtoto polepole au humzuia. Baada ya kondo kutoka hufungua tangi la damu bandia, na damu huendelea kutiririka mpaka mwanafunzi asugue tumbo na kuukaza mfuko wa uzazi. Nimeona kwenye zoezi la namna hii mwanafunzi akifanya kila hatua barabara, asimwambie mama hata neno moja. Mkufunzi aliyevaa tumbo akamgeukia: "Mwanangu, mbona huniambii kama mtoto mzima?" Darasa likacheka, yeye hakucheka.

Sasa turudi Haydom. Baada ya kozi ya siku moja ya mwaka 2010, watafiti wakiongozwa na daktari wa Norway Hege Ersdal waliwapima watoa huduma miezi saba baadaye kwa mwanasesere. Waliofaulu zoezi la kumpumulisha mtoto walipanda kutoka asilimia 18 hadi 74. Ungeishia hapo ungefanya sherehe, ungegawa vyeti, ungepiga picha ya pamoja. Wao hawakuishia hapo. Waliweka watu leba, usiku na mchana, wa kutazama saa na kuandika yaliyofanyika kwa watoto wenyewe. Huko leba mambo yalikuwa karibu kama zamani. Watu walewale, waliofaulu darasani, mbele ya mtoto wa kweli walifanya waliyozoea.

Hospitali nyingi zingeiweka taarifa kama hiyo kabatini. Haydom walibadili utaratibu, na mwaka 2013 wakaichapisha. Mwanasesere alihamishwa kutoka darasani akawekwa karibu na chumba cha kujifungulia, na mazoezi yakawa mafupi ya dakika tatu hadi tano, kila wiki, kazini hapohapo. Hakuna ukumbi wala posho. Estomih Mduma na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2015, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilikuwa vimeshuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto elfu moja. Mtaala haukubadilika, mwanasesere alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni alipowekwa na mara ngapi aliguswa.

Ukitaka mfano wa nchi tajiri, Bristol nchini Uingereza inao. Mabega ya mtoto yakikwama baada ya kichwa kutoka, mzalishaji mwenye hofu huvuta, na mishipa ya fahamu ya mkono wa mtoto huweza kuchanika. Hospitali ya Southmead ilifanya mafunzo ya kila mwaka kuwa lazima kwa kila mtu wa leba, mkunga na daktari bingwa kwa pamoja, kwa mwanasesere aliyewekewa kipimo cha nguvu: ukivuta kupita kiasi, namba inakuumbua mbele ya wenzako. Watoto walioumia baada ya mabega kukwama walishuka kutoka asilimia 9.3 hadi 2.3. Mafunzo yaliendelea mwaka baada ya mwaka, na ripoti iliyotoka 2016, baada ya miaka kumi na miwili, haikuwa na mtoto hata mmoja aliyebaki na ulemavu wa kudumu wa mkono kwa sababu hiyo. Namba ya kwanza huwavutia watu. Mimi huvutiwa zaidi na neno lazima, na kwamba lilimhusu hata daktari bingwa mwenye vyeti ukutani.

Utaratibu wa Haydom ulipanuliwa katika vituo 30 vya mikoa mitano ya Tanzania, yaani Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2025. Wakati wa utafiti, vifo vya watoto kabla na mara baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa elfu, katika uzazi unaokaribia laki tatu. Palikuwa na vifaa vipya, vikiwemo vya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Lakini kiungo kilichovibeba vifaa hivyo kilikuwa mfanyakazi wa kituo hichohicho, mkunga miongoni mwa wakunga, aliyekuwa na jukumu la kuwakusanya wenzake kwa zoezi fupi na kuchagua zoezi kwa kutazama takwimu za leba yao wenyewe: wiki hii tumechelewa kuwapumulisha, basi leo tushike ambu, wiki ile damu ilitushinda, basi leo tufunge tumbo.

Huyu ndiye mtu ambaye mifumo yetu ya vyeti haijui imweke wapi. Semina ya siku tatu mjini ina barua ya mwaliko, ina mgeni rasmi, ina orodha ya mahudhurio na cheti chenye nembo za wafadhili, na yote hayo huingia vizuri kwenye faili. Zoezi la dakika nne saa nane ya usiku, kati ya mzazi aliyetoka na anayeingia, halina karatasi. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania linadai mafunzo endelevu kwa anayehuisha leseni, na linafanya vyema. Ningeruhusiwa kuongeza mstari mmoja kwenye fomu yake, ningeuweka juu ya idadi ya semina: mara ya mwisho ulimpumulisha mwanasesere lini, na nani alikuwa anakutazama.